Kiwimbi Juu ya Herufi: Jirani Yetu Kenya na Mashine Zisizojua Majina

Katika safu hii ya nchi jirani tumezoea kuzungumzia mipaka, katiba, reli na bandari. Leo naomba tuzungumzie jambo linaloonekana dogo kuliko punje ya ulezi: kiwimbi kinachokaa juu ya herufi mbili za lugha ya Gĩkũyũ nchini Kenya, na jinsi mashine za kuandikia zilivyokikataa kwa muda mrefu.

Swali lilitoka darasani. Tulikuwa tukisoma habari za waandishi wa Afrika Mashariki, na msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua kitabu chenye jina la Ngũgĩ wa Thiong'o kwenye jalada. Akauliza: "Mwalimu, hivi vidudu vilivyo juu ya u na i ni uchafu wa kiwandani, au ndivyo jina linavyoandikwa?" Wenzake walicheka. Nikamwambia kwamba swali lake lina historia ndani yake, na kwamba nitalijibu kwa maandishi. Hili ndilo jibu.

Irabu saba

Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o, u. Gĩkũyũ ina saba. Hizo mbili za ziada huandikwa kwa kuweka kiwimbi juu ya i na juu ya u. Herufi ĩ hutamkwa mahali palipo kati ya i yetu na e yetu. Herufi ũ hutamkwa kati ya u na o. Sikio la Mswahili, kama lilivyo sikio la Mwingereza, huzipokea kama "e" na "o". Ndiyo sababu mji ambao wenyeji huuita Nyĩrĩ umeandikwa kwenye ramani "Nyeri".

Je, kiwimbi kina kazi gani hasa? Tazama mfano huu, ambao utamfurahisha mtu yeyote anayejua Kiswahili. Katika Gĩkũyũ, gũtũma maana yake ni kutuma, sawa na kwetu. Lakini gũtuma, bila kiwimbi kwenye u ya pili, maana yake ni kushona. Basi mama akimwandikia binti yake habari ya nguo, kiwimbi kimoja ndicho kinachoamua kama nguo zitakwenda posta au zitakwenda kwa fundi cherehani. Vivyo hivyo ira ni jana, na ĩra ni amri ya kumtaka mtu aseme au amwambie mwenziwe. Kwa hiyo kiwimbi si pambo. Ni sehemu ya herufi, kama vile mkia ulivyo sehemu ya herufi g.

Njia mbili za kuandika

Lugha ya Gĩkũyũ ilianza kuwekwa katika vitabu vya msamiati na sarufi mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wamisionari. A. W. McGregor alitoa msamiati wa Kiingereza na Gĩkũyũ mwaka 1904. A. Ruffell Barlow wa Misheni ya Kanisa la Scotland alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1914. Kila mmoja wa watu wa namna hiyo alilazimika kujibu swali lile lile: herufi za Kilatini zina irabu tano, lugha hii ina saba, hizo mbili tuzifanyeje?

Zilikuwapo njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua herufi zilizopo na kuziongezea alama juu. Ya pili ni kutunga herufi mpya kabisa. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilipendelea njia ya pili. Ilihimiza alfabeti yenye herufi kama ɛ, ɔ na ŋ, ili kila sauti ipate umbo lake bila alama za kupachika. Mwanafonetiki Lilias Armstrong, ambaye kitabu chake juu ya sauti za Gĩkũyũ kilitoka mwaka 1940 baada ya yeye kufariki, alitumia herufi za aina hiyo. Msaidizi wake katika utafiti huo, aliyemtamkia maneno katika Chuo Kikuu cha London, alikuwa Jomo Kenyatta.

Kenyatta mwenyewe hakuwa mgeni wa mambo ya maandishi. Mwaka 1928 alikuwa mhariri wa gazeti la Mũigwithania, yaani Mpatanishi, lililotolewa kwa lugha ya Gĩkũyũ na chama cha Kikuyu Central Association. Na katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938 aliwaeleza wasomaji wake tangu mwanzo kwamba Wazungu hukosea wanapoandika "Kikuyu". Kwamba ingefaa kuandika Gikuyu, na kwamba kwa tahajia ya kifonetiki neno lingekuwa Gekoyo. Hebu tazama: neno moja, jina la taifa la mtu, lina sura tatu katika ukurasa mmoja, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na kiwimbi.

Hatimaye njia ya kiwimbi ndiyo iliyoshinda. Ndiyo iliyomo katika kamusi kubwa ya Gĩkũyũ na Kiingereza iliyohaririwa na T. G. Benson na kuchapishwa mwaka 1964, na ndiyo wanayoitumia waandishi wa lugha hiyo hadi leo. Wakamba nao, katika lugha yao ya Kĩkamba, wanaandika kwa ĩ na ũ.

Mkono una uhuru, mashine ina mipaka

Kwa mtu anayeandika kwa kalamu, kiwimbi hakina gharama. Ni kutikisa mkono kidogo tu. Ushahidi mzuri wa jambo hilo ulipatikana mahali pa kusikitisha. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ikaigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kwa lugha yao. Serikali ikapiga marufuku maonyesho, na tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kufikishwa mahakamani. Humo aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni. Aliachiliwa Desemba 1978, na riwaya ikatoka mwaka 1980. Mtu aliyenyimwa karibu kila kitu bado alikuwa na irabu zake saba, maana kalamu haibagui.

Mashine hubagua. Mashine ya taipu iliyokuja Afrika Mashariki pamoja na utawala wa Kiingereza ilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha isiyoweka alama juu ya herufi zake. Mashine za Kireno au za Kifaransa zilikuwa na kitufe maalumu kinachopiga alama bila kusogeza karatasi, ili herufi inayofuata ikae chini ya alama hiyo. Mpiga taipu wa Kiingereza hakukihitaji kitufe hicho, basi hakuwekewa. Mtu aliyetaka kuandika Gĩkũyũ kwa mashine hiyo alikuwa na hiari mbili: aache viwimbi, au amalize ukurasa kisha aurudie kwa kalamu, herufi baada ya herufi. Ofisi yenye kazi nyingi huchagua kuacha. Riwaya ya kwanza ya Ngũgĩ, Weep Not, Child, ilitoka mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi. Baadaye jina James alilikataa mwenyewe kwa hiari yake, kwa sababu za imani na siasa. Viwimbi vilichukua muda mrefu zaidi kurudi.

Sisi watumiaji wa Kiswahili tusijisifu haraka hapa. Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi. Kilipohamishiwa kwenye hati ya Kilatini, watu kama Edward Steere, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, walichagua kuunganisha herufi za kawaida, kama sh, ch na ny, badala ya kuweka alama juu yake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukaichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha. Ndiyo maana tahajia yetu ilienea vizuri kwenye mashine ya Mwingereza. Wepesi tunaouona kuwa wa asili ni matunda ya uamuzi wa watu, na irabu zetu tano zilisaidia.

Na hata sisi hatukusalimika kabisa. Tuna alama moja, ile ya ng'. Mwanafunzi akiandika ng'ombe kwenye kompyuta, programu hudhani kwamba anafungua au anafunga nukuu, ikaupindisha mkato kwa namna yake. Matokeo yake ni kwamba ng'ombe wa mkato ulionyooka na ng'ombe wa mkato uliopinda huweza kuhesabiwa kuwa maneno mawili tofauti mtu anapotafuta neno katika maandishi. Ukilijua hilo, utamwelewa jirani.

Kompyuta na jedwali la herufi

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kila herufi hupewa namba yake katika jedwali, na herufi isiyo na namba haipo. Jedwali lililotawala kwa muda mrefu ni ASCII, lililotolewa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1963, lenye nafasi 128 tu. Liliwatosha Waingereza na Wamarekani. Kwa bahati liliwatosha Waswahili pia. Agĩkũyũ halikuwatosha.

Mwaka 1987 likaja jedwali pana zaidi kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi, ISO 8859-1. Humo kiwimbi kilikuwapo, lakini kwa wenyewe: ã na õ kwa ajili ya Wareno, ñ kwa ajili ya Wahispania. Herufi ĩ na ũ hazikuwamo. Waandishi wa Gĩkũyũ wakabaki na njia za kuokoteza. Wengine waliazima î na û, zenye kofia badala ya kiwimbi, kwa kuwa Wafaransa walikuwa wamepewa nafasi. Ndiyo maana utakutana na maandishi yenye Gîkûyû. Wengine walitumia fonti zilizochongwa upya, ambamo mahali pa herufi fulani ya Ulaya palichorwa ĩ. Maandishi hayo yalipendeza kwenye kompyuta ya mwandishi, lakini yakifunguliwa kwenye kompyuta nyingine isiyo na fonti ile yaligeuka vurugu.

Hapa pana kinaya ambacho sikukitarajia. Mwaka uliofuata, 1988, lilitoka jedwali la nne la mfululizo huo, ISO 8859-4, lililokusudiwa lugha za kaskazini ya Ulaya na Greenland. Humo zimo ĩ na ũ, kwa sababu tahajia ya zamani ya Greenland ilizihitaji. Humo pia imo ŋ, kwa ajili ya Wasami wa nchi za barafu. Na ŋ ndiyo herufi ambayo mkutano wa tahajia ya Luganda wa mwaka 1947 uliipitisha kule Uganda. Kwa hiyo herufi za jirani zetu wawili, Kenya na Uganda, zilikwisha kuingia kompyutani pamoja, lakini ziliingia kwa mlango wa watu wa theluji. Hakuna aliyewafikiria wakazi wa Nyĩrĩ wala wa Kampala.

Suluhisho la kweli lilianza mwaka 1991, lilipotoka toleo la kwanza la Unicode, jedwali linalolenga kuzipa namba herufi za lugha zote duniani. Humo Ĩ kubwa ina namba 0128, ĩ ndogo 0129, Ũ kubwa 0168 na ũ ndogo 0169. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba kompyuta haiwezi kuandika Gĩkũyũ.

Kutoka namba hadi kidole

Hata hivyo, kuwa na namba ni jambo moja, na kufikiwa na kidole ni jambo jingine. Kibodi inayouzwa madukani Nairobi au Dar es Salaam bado ni ile ya Kiingereza. Mtu anayetumia Microsoft Word anaweza kuandika 0129 kisha akabonyeza Alt pamoja na X, na tarakimu zikageuka ĩ. Lakini chukua jina la kijiji cha Kamĩrĩĩthũ. Lina herufi kumi, na nne kati yake zina kiwimbi. Kwa njia hiyo, jina la kijiji kimoja lingehitaji tarakimu 16 na kubonyeza Alt na X mara nne. Nani ataandika riwaya kwa mtindo huo? Ipo pia kibodi ya kimataifa ya Windows, ambayo mtu hupiga kiwimbi kwanza kisha herufi. Lakini yenyewe hukubali a, o na n tu. Ukipiga kiwimbi kisha i, unapata alama mbili zilizoachana kama ndugu waliogombana.

Hapo ndipo watu wa kawaida walipoanza kujitengenezea njia za mkato. Programu ya bure iitwayo AutoHotkey, iliyoanza mwaka 2003, humruhusu mtumiaji wa Windows kuiandikia kompyuta yake amri fupi: "kila nikipiga hivi, wewe andika vile". Kwa toleo la pili la programu hiyo, mistari minne inatosha:

:*?C:i~::ĩ
:*?C:I~::Ĩ
:*?C:u~::ũ
:*?C:U~::Ũ

Tuisome pamoja, maana si uchawi. Kati ya nukta mbili za mwanzo kuna masharti matatu. Nyota inasema: badilisha papo hapo, usisubiri nipige nafasi. Alama ya kuuliza inasema: badilisha hata kama tuko katikati ya neno. Herufi C inasema: tofautisha herufi kubwa na ndogo. Kisha yanafuata maandishi ninayopiga, i na kiwimbi; na mwisho, baada ya nukta mbili zilizorudiwa, herufi ninayoitaka. Faili likihifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8 na kufunguliwa, Kamĩrĩĩthũ inahitaji viwimbi vinne tu vya ziada, na mkono haupotezi mwendo.

Wanaotumia mfumo wa Linux wana kitufe kiitwacho Compose: hukibonyeza, wakapiga kiwimbi, kisha i, na ĩ ikatokea. Tena, katika orodha ya kibodi za mfumo huo, chini ya jina la Kenya, imo kibodi ya Gĩkũyũ iliyotengenezwa tayari. Iko pia programu ya Keyman, iliyobuniwa miaka ya 1990 kwa ajili ya lugha ya Kilao huko Asia, ambayo leo hubeba kibodi za lugha nyingi za Afrika. Ukitazama vizuri, utaona kwamba kazi zote hizi zinarudisha kile kitufe ambacho mashine ya taipu ya Kiingereza ilikikosa.

Funzo kwa raia

Kwa nini mwalimu wa Kiswahili ajishughulishe na haya katika safu ya elimu ya uraia? Kwa sababu jina ni haki ya kwanza ya mtu mbele ya ofisi. Raia hukutana na serikali yake kwa jina: katika cheti cha kuzaliwa, daftari la wapiga kura, hati ya shamba. Mashine isiyoweza kuandika jina hilo humpa mwenye jina amri ya kimyakimya: jibadilishe wewe, mimi sibadiliki. Na mtu akiitii amri hiyo kwa vizazi vitatu, huanza kuamini kwamba jina lake ndilo lenye kasoro.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kisha inaipa serikali wajibu wa kulinda wingi wa lugha za watu wa Kenya na kuendeleza matumizi ya lugha za wenyeji. Maneno hayo ni mazito. Lakini lugha haitumiki ofisini kwa maneno ya katiba peke yake. Mahali fulani lazima awepo karani ambaye akibonyeza kitufe, ĩ inatokea. Umbali kati ya ibara na kidole ndio ambao raia wenyewe wameuziba kwa mistari minne.

Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki tarehe 28 Mei 2025. Siku zile magazeti mengine yalichapa jina lake kwa viwimbi vyake, mengine yaliviacha. Wasioviweka hawakuwa na udhuru wa mashine tena. Namba zipo tangu 1991. Kilichobaki ni mazoea, na mazoea ni jambo ambalo mtu anaweza kuulizwa.

Nasi Tanzania tusidhani kwamba tunatazama moto wa jirani kutoka ng'ambo ya mto. Kisukuma kina irabu saba. Kinyakyusa kina irabu saba. Kikuria, ambacho husemwa pande zote mbili za mpaka wetu na Kenya, kina irabu saba. Wengi wa wanafunzi wangu wanatoka katika nyumba zinazosema lugha hizo, na hawajawahi kuona jina la bibi yao likiandikwa kama anavyolitamka.

Basi, mwanangu uliyeuliza swali: si uchafu wa kiwandani. Ni herufi kamili, iliyosubiri muda mrefu kupata kiti. Kazi yako ya nyumbani ni hii. Mwulize bibi au babu yako alitamke jina lake na jina la kijiji alikozaliwa, polepole, mara tatu. Sikiliza irabu zake. Kisha njoo nalo darasani, tutafute pamoja namna ya kuliandika.